Sura ya Sita: Zamu ya Terminali, Zamu ya Dirisha

Mvua ya Nyanda za Juu Kusini huja kwa msimu mmoja. Huanza Novemba au Desemba, hukatika Aprili au Mei, na kuanzia hapo mkulima wa mpunga wa Usangu hutazama kilichobaki mitoni. Maji hayohayo hukusanyika ardhioevu ya Ihefu, huingia mto Ruaha Mkuu, hukatiza Hifadhi ya Taifa ya Ruaha mkoani Iringa, hufika bwawa la Mtera lenye mitambo ya megawati 80 na kuteremka hadi Kidatu yenye megawati 204. Tangu 1993 mto umekuwa ukikauka ndani ya hifadhi wakati wa kiangazi. Kwa hiyo mtu akiuliza Mbarali, wilaya ilimo Usangu, ilipata mvua kiasi gani mwaka fulani, anauliza habari ya wali, ya viboko na ya umeme kwa pamoja.

Jibu liko wazi kwa yeyote mwenye kompyuta. Chuo Kikuu cha California, Santa Barbara, hutoa bure takwimu ziitwazo CHIRPS: makadirio ya mvua ya kila siku kuanzia 1981, kwa kila mraba wa takriban kilomita 5, yaliyopatikana kwa kuchanganya picha za setilaiti na vipimo vya vituo vya ardhini. Tuseme mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya, pale Iyunga, amepakua sehemu ya Usangu na ya Iringa mjini. Anafungua terminali, anaita Python, lugha ya kuandikia programu, na alama tatu zinajitokeza: >>>. Anasoma faili, analeta matplotlib, maktaba ya kuchora grafu, kwa jina fupi la plt, kisha anaandika:

plt.plot(miaka, mvua)
plt.show()

Dirisha linafunguka. Grafu imetoka vizuri, inapanda na kushuka kama milima ya Kipengere. Anaikuza sehemu moja kwa kipanya, inakubali. Sasa anataka kuongeza mstari wa pili, wa mvua ya Iringa mjini, alinganishe. Anarudi kwenye terminali, anaandika amri, anabonyeza Enter. Kimya. Terminali haimjibu hadi alifunge lile dirisha, na akilifunga, grafu aliyotaka kuongezea mstari imekwenda nalo.

Rafiki anamfundisha njia nyingine: aandike show(block=False), dirisha lifunguke bila kuishika terminali. Anafanya hivyo, halafu anaanzisha hesabu ya jumla ya mvua, mwaka kwa mwaka, siku zaidi ya elfu kumi na tano. Safari hii terminali ndiyo inayofanya kazi, ila dirisha limebaki jeupe. Akilisogeza halisogei. Juu yake Windows imeandika “Not Responding”. Rafiki anatikisa kichwa: “Mwanangu, hiyo laptopu yako imechoka. Ipeleke sokoni Mwanjelwa wakuongezee RAM.”

Fundi wa Mwanjelwa ataiongeza kwa moyo mweupe, mwanafunzi atalipa, na dirisha litaganda vilevile. Kompyuta hiyo haijapungukiwa nguvu. Iliyovurugika ni zamu.

Wawili, na wote wanangoja

Tuanze na terminali. Alama za >>> zinapowaka, programu ya Python haifanyi lolote. Imeuambia mfumo endeshi: “Mtu akibonyeza kitufe, niamshe,” kisha imelala. Kompyuta inaweza kukaa hivyo kutwa nzima bila kutumia hata chembe ya kichakato. Ukiandika mstari na kubonyeza Enter, Python inaamka, inautekeleza, inachapisha jibu, inalala tena.

Dirisha nalo lina desturi yake. Tunaliona kama kitu kilichokaa pale kwenye skrini, lakini kwa kompyuta dirisha ni foleni ya ujumbe. Umesogeza kipanya: ujumbe mmoja. Umebonyeza kitufe: mwingine. Dirisha lingine lililolifunika limeondoka, na sasa lapaswa kuchorwa upya: ujumbe mwingine tena. Ndani ya programu lazima awepo wa kuchukua ujumbe huo mmoja mmoja, kuushughulikia na kurudi kwenye foleni. Kazi hiyo ya kuchukua, kushughulikia na kurudi ndiyo inayoitwa mzunguko wa matukio, na programu yoyote yenye vitufe, kuanzia kikokotoo hadi kivinjari, huendeshwa nayo. Mzunguko ukisimama, foleni inajaa bila mtu wa kuipunguza. Windows husubiri sekunde 5. Ikiona programu haijagusa foleni yake kwa muda huo, hulitangaza dirisha kuwa halijibu.

Terminali inangoja kibodi, dirisha linangoja foleni, na kwa kawaida programu ya Python ina uzi mmoja tu wa utekelezaji, yaani mahali pamoja tu pa kusimama na kungojea. Amri ya show() humsimamisha mngojaji kwenye foleni ya dirisha, ndiyo maana terminali ilikuwa bubu. Ukitumia block=False na kuendelea na hesabu, mngojaji ameondoka dirishani, ndiyo maana likaganda. Matukio yale mawili yaliyomchanganya mwanafunzi wa Iyunga ni kosa moja lililotazamwa kutoka pande mbili.

Kwa nini watu walitaka vyote viwili

Mtu anaweza kusema: si aandike programu yake yote kwenye faili, aiendeshe, apate grafu, basi? Kwa kazi iliyokwisha kueleweka, sawa. Lakini anayechunguza takwimu hajui atauliza nini baadaye. Anachora, anashangaa mwaka mmoja kuwa chini mno, anaukagua, anagundua kuwa faili lina pengo la siku, anarekebisha, anachora upya. Swali la pili linazaliwa na jibu la kwanza, na mazungumzo ya aina hiyo yanahitaji terminali na grafu vikiwa hai kwa wakati mmoja.

Hamu hiyo ndiyo iliyozaa zana zinazotumika leo. Mwaka 2001 Fernando Pérez, mzaliwa wa Kolombia aliyekuwa akisomea udaktari wa fizikia katika Chuo Kikuu cha Colorado, alichoka na terminali ya kawaida ya Python akaanza kutengeneza yake: IPython, yenye kumbukumbu ya amri zilizopita na msaada wa kukamilisha maneno. Wakati huohuo John Hunter alikuwa Chicago akichunguza mawimbi ya umeme ya ubongo wa wagonjwa wa kifafa. Maabara yao ilikuwa na programu ya kibiashara yenye leseni moja tu, na watafiti wote, wakubwa kwa wadogo, walipokezana kifaa kidogo cha kuifungulia. Hunter akaamua kujitengenezea zana ya Python. Kwanza alimpelekea Pérez marekebisho ya kuifanya IPython ichore grafu papo hapo. Pérez, akiwa amebanwa na tasnifu, akamjibu kuwa hatapata nafasi ya kuyapitia. Hunter akayafanya mradi wa peke yake, nao ukatoka 2003 kwa jina la matplotlib. Alifariki Agosti 2012, wakati maktaba yake ikitumiwa na wanasayansi dunia nzima.

Historia hiyo inawahusu watu wa Mbeya na Iringa kwa sababu iliyo wazi: mwanafunzi wa chuo cha Mkwawa kule Iringa hahitaji kupokezana leseni na mtu yeyote. Zana zote hizi ni bure. Kilichobaki ni kuzifahamu.

Uzi wa pili na balaa lake

Suluhisho la kwanza analolifikiria karibu kila mtu ni kuongeza mngojaji. Kompyuta za leo zinaruhusu programu moja kuwa na nyuzi kadhaa za utekelezaji, basi uzi mmoja ukae kwenye kibodi na mwingine kwenye foleni ya dirisha. IPython za mwanzo zilifanya hivyohivyo. Uliianzisha kwa kuongeza neno kama -gthread, -wthread au -qthread, kutegemea unatumia maktaba gani ya madirisha, GTK, wx au Qt.

Ilifanya kazi, mpaka ilipokataa. Maktaba nyingi za madirisha zimejengwa kwa sharti kwamba uzi mmoja tu ndio utakaozigusa. Ukitoa amri ya kubadilisha rangi ya mstari kutoka uzi wa terminali wakati uzi wa dirisha uko katikati ya kuuchora mstari uleule, hakuna wa kuamua nani atangulie. Mara nyingine grafu inatoka sawasawa. Mara nyingine programu inaanguka bila neno, na ukiirudia haianguki, jambo linalomtesa zaidi mwenye kuitafuta hitilafu. Kwenye kompyuta za Mac sharti ni kali kuliko hapo: madirisha hushughulikiwa na uzi mkuu, basi. IPython toleo la 0.11, lililotoka 2011, likaachana na njia hiyo.

Ndoano ndani ya usingizi

Njia iliyoshinda inaanza na jambo tulilokwisha kuliona: terminali hutumia karibu muda wake wote ikiwa imelala. Binadamu anayeandika kwa kasi anaacha mapengo makubwa kati ya herufi na herufi, na akisimama kufikiri anaacha sekunde nzima nzima. Mapengo hayo ni mali, na hayana mwenyewe.

Mfikirie wakala wa pesa pale Mwanjelwa ambaye dukani mwake ana pia mashine ya kutoa nakala. Akisimama mlangoni tu akimngojea mteja, karatasi zitakwama kwenye mashine. Akiinamia mashine tu, mteja atapiga hodi hadi aondoke. Wala hahitaji kuajiri kijana wa pili ambaye watagombania droo moja ya pesa. Anahitaji kuihudumia mashine wakati mlangoni hakuna mtu, na kuiacha mara asikiapo hodi.

Ndani ya Python kuna mahali palipotengwa kwa ajili ya desturi hiyo, paitwapo PyOS_InputHook. Ni ndoano. Maktaba ya madirisha hutundika hapo kazi yake, na Python, kila inapofika kwenye >>> na kukuta hakuna herufi, huiita kazi hiyo kabla ya kulala. Inapoitwa, maktaba huchukua ujumbe uliomo kwenye foleni ya dirisha, huchora kinachopaswa kuchorwa, kisha hurudi. Uzi ni uleule mmoja, kwa hiyo hakuna ugomvi.

Tkinter, maktaba ya madirisha inayokuja na Python yenyewe, hujitundika hapo bila kuombwa. Fungua Python kwenye Linux, andika mistari hii, na usiite mainloop():

import tkinter
d = tkinter.Tk()
d.title("Mbarali")

Dirisha linatokea na >>> zimerudi. Lisogeze: linasogea. Andika d.title("Iringa"), bonyeza Enter, na jina la juu linabadilika mbele ya macho yako. Vyote viwili viko hai, na mngojaji bado ni mmoja.

Swali gumu ni moja: aliyekwenda kuhudumia dirisha atajuaje kuwa mtu ameanza kuandika? Majibu ni mawili, na tofauti yake ni kubwa kuliko inavyoonekana.

La kwanza ni kuchungulia. Hudumia dirisha, chungulia kibodi, pumzika kidogo, rudia. Tkinter kwenye Windows hufanya hivyo, ikipumzika milisekunde 20 kila raundi. Python inayotumia readline, maktaba ya kusomea kibodi, nayo huamka kila sehemu ya kumi ya sekunde kuiita ndoano. Kuchungulia kunafanya kazi kila mahali, ila kuna gharama: kompyuta haipati usingizi mzito, na betri inalika hata kama hakuna kinachotendeka. Ukipunguza machungulio, betri inapona lakini dirisha linaanza kusitasita chini ya kipanya.

La pili ni kuamshwa. Mifumo endeshi ya jamii ya Unix hukubali kungojea vitu vingi kwa mkupuo mmoja: “Niamshe kibodi ikiguswa, au foleni ya dirisha ikipata ujumbe, chochote kitakachotangulia.” Hapo kibodi huandikishwa ndani ya mzunguko wa dirisha kama chanzo kimojawapo cha matukio, na Qt ina chombo maalumu cha kazi hiyo. Programu inalala fofofo na kuamka kwa sababu tu. Katika mkoa ambako umeme unaweza kukatika mchana kutwa na mwanafunzi akabaki na betri peke yake, tofauti ya njia hizi mbili unaiona kwenye alama ya betri.

Mwaka 2016 IPython 5 ilitupa readline na kuchukua maktaba nyingine ya kusomea kibodi, prompt_toolkit ya Jonathan Slenders. Ndoano ya zamani haikuwa na kazi tena, ikaandikwa mpya kwa fikra ileile: terminali inalikabidhi dirisha zamu kwa sharti moja, kwamba mara kibodi ikiguswa liirudishe. Kwa mtumiaji haya yote yamefichwa nyuma ya amri fupi. Ndani ya IPython andika %matplotlib qt, au %gui tk kama unajenga madirisha yako mwenyewe, kabla ya kufungua dirisha la kwanza. Baada ya hapo usiuanzishe mzunguko wa dirisha kwa mkono wako, kwa maana utakuwa umeipora terminali zamu yake. Mwalimu wa maabara akiandika amri hizo mbili ubaoni siku ya kwanza ya muhula, atakuwa amejipunguzia maswali mengi.

Ndoano ina mpaka wake: huitwa terminali ikiwa imetulia tu. Hesabu ya mvua ya miaka zaidi ya arobaini ikianza, hakuna utulivu, na dirisha linaganda kama mwanzo. Hapo mwandishi wa programu ndiye anayepaswa kugawa zamu. Ndani ya hesabu, kila anapomaliza mwaka mmoja, aweke plt.pause(0.01). Kwa sehemu hiyo ya mia ya sekunde mzunguko wa dirisha unapewa nafasi, foleni inapungua, na grafu inakua mwaka kwa mwaka huku hesabu ikiendelea.

Dirisha likiwa mwenye nyumba

Mpaka hapa terminali ndiyo mwenyeji na dirisha ni mgeni. Kuna programu iliyogeuza mambo, nayo wengi wanaopima ardhi na kupanga matumizi yake nchini wanaijua: QGIS, ya ramani, iliyoanzishwa na Gary Sherman mwaka 2002 juu ya Qt. Mradi wa Ramani Huria ulipoanza Dar es Salaam mwaka 2015, ukiwashirikisha wanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam katika kuchora mitaa inayokumbwa na mafuriko, QGIS ilikuwa miongoni mwa zana zake, pamoja na InaSAFE, nyongeza ya QGIS iliyoandikwa kwa Python.

Ndani ya QGIS kuna terminali ya Python. Anayechora mipaka ya skimu za umwagiliaji za Usangu anaweza kuandika amri pale chini na tabaka la mito likabadilika rangi pale juu. Hakuna ndoano inayohitajika, kwa kuwa terminali hiyo ni sehemu ya dirisha lenyewe: herufi unayobonyeza ni ujumbe mmojawapo kwenye foleni ileile ya ramani. Mzunguko ni mmoja tangu asili, na ugomvi wa nani angoje haukuzaliwa.

Lakini tatizo la hesabu ndefu liko palepale, tena linauma zaidi. Ukiandika kwenye terminali ya QGIS amri inayokata picha ya setilaiti ya bonde zima la Ruaha, inatekelezwa kwenye uzi uleule unaochora ramani. Ramani inaganda, menyu zinaganda, na mtu asiyejua atazima programu kwa nguvu na kupoteza kazi ya asubuhi nzima. Wajenzi wa QGIS wameweka njia ya kupeleka kazi kama hizo nyuma, kwenye uzi mwingine, kwa sharti kwamba uzi huo usiguse dirisha hata kidogo; ukimaliza, unaleta jibu na uzi mkuu ndio unaolichora.

Kutenganisha nyumba

Njia ya tatu ni ya Jupyter, mradi uliochipuka kutoka IPython mwaka 2014. Waanzilishi wake waliamua kwamba anayeandika na anayekokotoa wasikae nyumba moja. Unaandika kwenye kivinjari. Amri inatumwa kwa programu nyingine iitwayo kiini, na jibu linarudi kama ujumbe. Kiini kikizama kwenye hesabu, kivinjari hakigandi: unaendelea kuandika, kusoma na kusahihisha. Vyote viwili vinaweza kuwa ndani ya kompyuta moja, kwa hiyo hata bando la intaneti likiisha, kazi inaendelea.

Gharama yake ni kwamba grafu hufika, kwa kawaida, kama picha. Huikuzi kwa kipanya bila kuongeza vifaa vingine. Na anayetaka dirisha halisi kutoka kwenye kiini atakutana tena na %gui, kwa sababu kiini nacho kina cha kungojea, ujumbe kutoka kivinjari, na dirisha lina foleni yake.

Kabla ya kwenda kwa fundi

Siku dirisha litakapoganda, fungua Task Manager kwenye Windows, au andika top kwenye terminali nyingine ya Linux, utazame programu yako inatumia kichakato kiasi gani.

Ikiwa inatumia karibu sufuri, basi hakuna hesabu inayofanyika: kuna mahali programu imelala ikingojea, na dirisha limeachwa bila mhudumu. Tafuta amri inayongoja kibodi, faili au mtandao, au ndoano ambayo haikutundikwa. Ikiwa kiini kimoja cha kichakato kimejaa asilimia 100, hesabu imeshika zamu na haiachii. Igawe vipande, ipeleke kwenye uzi wa nyuma, au ihamishie Jupyter. Ikiwa kichakato kimetulia lakini kumbukumbu (RAM) imejaa na diski inahangaika bila kupumzika, hapo ndipo rafiki angekuwa sahihi, na safari ya Mwanjelwa ina maana.